Baa Ilivunjwa, Vigae Vikatoa Ushahidi

Baa ya zamani ikifungwa huko Uingereza, wahudumu hutangulia kutoka, kisha vitu vyake: vioo vilivyochorwa, vigae, kaunta ya mbao ngumu. Ni kazi ya mikono ya mafundi, nayo hung'olewa ikauzwa au huvunjwa pamoja na kuta.

Baa ya Carlton Tavern, London, ilijengwa mwaka 1920 hadi 1921. Mwenye mali alitaka kujenga makazi pale, akanyimwa kibali. Aprili 2015 msimamizi wa baa aliambiwa afunge, eti mali inahesabiwa. (Ujanja huo wa kuhesabu mali sisi wa vyama tunaujua!) Siku mbili baadaye alikuta kifusi.

Lakini majirani walikuwa wameshtuka mapema wakaomba jengo lilindwe kisheria. Wataalamu wa English Heritage walikwisha kuandika habari za kila kigae na kuchukua umbo lake kwa plasta. Halmashauri ya Westminster ilipoamuru baa ijengwe tena tofali kwa tofali, hapakuwa na kisingizio cha kutojua ilivyokuwa. Mafundi waliitwa kazini, na Aprili 2021 milango ikafunguliwa.