Kumtambua Mla Watu: Mbinu za Kumshinda Simba katika Pwani ya Mtwara na Bonde la Ruvuma

Utangulizi

Swali la namna ya kumshinda mnyama mla watu hujibiwa mara nyingi kwa kutaja silaha. Masimulizi ya wawindaji wa enzi ya ukoloni hutaja bunduki. Masimulizi ya vijijini hutaja mkuki, dawa na mganga. Na michezo ya video ya uwindaji, kama Monster Hunter ya kampuni ya Capcom iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2004, humkabidhi mchezaji upanga unaokaribia kimo chake. Hata hivyo, mchezaji huyo hupewa jambo moja ambalo mkulima wa Mtwara hana. Kabla ya kuondoka huambiwa jina la dubwana analokwenda kuliwinda, na likianguka anajua kuwa ndilo.

Makala haya yanadai kwamba katika mikoa ya kusini mashariki mwa Tanzania ugumu wa kumshinda simba mla watu haumo katika kumuua bali katika kumtambua. Kosa la utambuzi hulipiwa mara mbili: kwanza kwa roho za watu wanaouawa na simba aliyeachwa hai, kisha kwa jirani anayedhaniwa kuwa ndiye simba. Mamba na viboko wa maingilio ya Mto Ruvuma, ambao nao huua, hawajadiliwi hapa. Aliyechukuliwa ukingoni mwa maji hajulikani kwa nyayo za simba, na njia za kujikinga nao ni nyingine kabisa.

Ukubwa wa tatizo ulibainishwa na Packer, Ikanda, Kissui na Kushnir katika jarida la Nature mwaka 2005. Kwa mujibu wao, tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Ukanda wa kusini mashariki, yaani Rufiji, Lindi na Mtwara, ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa zaidi. Ikumbukwe kwamba watu hao hawakuwa watalii wala wawindaji. Walikuwa wakulima.

Nunda na kazi ya kutambua

Hadithi ya Sultani Majnuni, iliyokusanywa Zanzibar na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870, inaliweka suala hili wazi. Paka wa sultani anaanza kwa kula mifugo ya watu. Malalamiko yanapofikishwa barazani, sultani anajibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake. Paka anaachwa, anaanza kula watu, anaingia mwituni na kuwa Nunda, na hatimaye anawaua hata watoto wa sultani mwenyewe. Mwana mdogo anaapa kumsaka. Anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, akianza na wadogo na kuendelea hadi wakubwa, na kila mara anarudi kwa mama yake akishangilia; kila mara mama anamwambia kuwa siye.

Ni rahisi kuisoma sehemu hiyo kama safari ya ukuaji wa shujaa, na usomaji huo si wa makosa. Lakini unapita juu ya jambo la kiufundi. Kijana hashindwi kuua hata mara moja; anachoshindwa ni kujua amemuua nani. Mwishoni anapomkuta mnyama amelala, anamlinganisha kwanza na alama alizonazo, yaani masikio, madoa, mkia na umbo, kisha ndipo bunduki zinalia. Hakuna pambano la ana kwa ana. Tena hayuko peke yake, kwani amefuatana na watumwa wa baba yake wanaopiga pamoja naye. Yafaa pia kukumbuka kwamba Nunda hakutoka mbali, bali alilelewa nyumbani na akakua kwa sababu mwenye amri alikataa kumwita kwa jina lake mapema. Hoja hiyo itarejewa katika kuwajadili nguruwe.

Nyayo, mabaki na mwezi

Simba halisi hana alama za Nunda. Kwa mwanakijiji aliyemwona gizani, simba mmoja hafarikiani na mwingine. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Rufiji, ambako kati ya mwaka 2002 na 2004 watu wasiopungua 35 waliuawa katika vijiji vilivyokaribiana. Wenyeji walimpa simba huyo jina la Osama. Alipouawa Aprili 2004, alionekana kuwa dume changa, na Rolf Baldus, aliyeliandikia tukio hilo, alieleza kwamba alikuwa na jipu chini ya gego lililopasuka. Mmoja wa simba wawili wa Tsavo wa mwaka 1898 alikuwa na ugonjwa wa aina hiyo. Jino bovu linavutia kama maelezo, ila lina kasoro mbili. Haliwezi kueleza mamia ya mashambulizi katika wilaya nyingi kwa wakati mmoja. Na kama alama ya utambuzi, halionekani mpaka mnyama awe amekwisha kufa.

Kwa hiyo wawindaji wenye uzoefu walimtambua simba kwa tendo lake. Constantine Ionides, aliyeingia Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika mwaka 1933, akawasaka simba wala watu katika Jimbo la Kusini na baadaye akaishi Newala akikamata nyoka, ni miongoni mwa waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Msingi wa kazi yenyewe ni kwamba simba hurejea kwenye mawindo aliyoyaacha. Anayerudi usiku kwenye mwili ule ndiye aliyeua. Nyayo zikifuatwa alfajiri, kabla jua halijakausha umande na watu hawajakanyaga njia, huonyesha idadi ya simba na upande walikoelekea. Lakini ni mabaki yanayothibitisha.

Hapa ndipo mbinu inapogongana na utu. Katika vijiji vya pwani ya Mtwara, ambavyo wakazi wake wengi ni Waislamu, maiti huzikwa mapema iwezekanavyo, na familia haiwezi kuambiwa kwa urahisi kwamba mwili wa mtoto wao uachwe porini usiku mmoja uwe chambo. Mwindaji akikubali uzikwe, anapoteza ushahidi wake bora. Akikataa, anapoteza kijiji. Maandishi mengi ya uwindaji hulipita jambo hili haraka, kana kwamba ni usumbufu wa wenyeji, ilhali ndilo linaloamua iwapo atauawa simba aliyeua au simba yeyote aliyeonekana karibu.

Utambuzi wa pili ni wa saa, na huu hauhitaji bunduki. Mwaka 2011, Packer, Swanson, Ikanda na Kushnir walichambua kumbukumbu za mashambulizi zaidi ya 1,000 yaliyotokea Tanzania kati ya mwaka 1988 na 2009. Walionyesha kwamba mengi hutokea kati ya machweo na saa nne usiku, na kwamba hatari hupanda katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake inaeleweka. Katika usiku wa mbalamwezi simba hushindwa kunyemelea na hubaki na njaa. Baada ya hapo mwezi huchelewa kuchomoza kila siku, na giza la mapema huangukia saa ambazo watu bado wanatembea, wanapika nje au wanarudi shambani. Kwa jamii inayofuata mwandamo wa mwezi, maarifa haya yanaweza kutolewa bila jedwali lolote: kuanzia mwezi 16, hatari iko jioni.

Nguruwe, dungu na umbali wa shamba

Utafiti wa mwaka 2005 uliona pia kwamba mashambulizi huongezeka wakati wa mavuno, kati ya Machi na Mei, na kwamba wilaya zilizoathirika zina wanyama wachache wa kawaida wa kuwindwa na simba isipokuwa nguruwe pori. Mnyororo wenyewe ni mfupi. Nguruwe hufuata mahindi, mpunga na mihogo. Simba humfuata nguruwe. Mkulima naye hulala shambani kumlinda nguruwe asile. Dungu analolalia huwa la miti na makuti, mara nyingi bila ukuta wa kuzuia chochote. Simba aliyekuja kwa ajili ya nguruwe humkuta mtu.

Kulala shambani hakutokani na ukaidi. Kuhamishwa kwa watu katika vijiji vya miaka ya 1970 kuliwaweka wengi mbali na mashamba na mikorosho yao, na umbali huo haujafutika. Katika nyumba nyingi za pwani nyama ya nguruwe hailiwi, hivyo hakuna anayemwinda kwa kitoweo, naye huzaliana. Hapa paka wa sultani anarudi: anayemlisha mla watu ni shamba lenyewe. Ikifuatwa hoja hiyo, mtaro mrefu wa kutosha kumzuia nguruwe, uliochimbwa kuzunguka shamba, ni silaha bora kuliko bunduki ya askari wa wanyamapori anayefika siku ya tatu. Mtaro hauhitaji kujua ni simba yupi. Unachohitaji ni nguvu kazi, na nguvu kazi hiyo huwa adimu zaidi kwa mjane au mzee, ambao ndio wanaolala peke yao katika dungu.

Simba wa kutumwa

Mto Ruvuma si ukuta, kwa wanyama wala kwa imani. Harry West, katika kitabu chake Kupilikula cha mwaka 2005 kuhusu Wamakonde wa Mueda nchini Msumbiji, anaeleza kwamba wenyeji hutofautisha simba wa porini, simba waliotengenezwa na wachawi, na watu waliojigeuza simba. Mtazamaji wa nje huweza kuliona hili kuwa ushirikina mtupu. Lakini ni mfumo wa utambuzi: unajibu swali ambalo nyayo hazijibu, yaani kwa nini aliuawa huyu na si jirani yake.

Athari zake zilionekana Muidumbe, katika uwanda wa juu wa Wamakonde, mwaka 2002 na 2003. Simba waliua makumi ya watu, na Paolo Israel ameeleza jinsi hofu ilivyogeuka msako wa wanadamu, washukiwa wakauawa na umati kwa madai ya kuwamiliki simba hao. Simba waliendelea kula. Tofauti na kijana wa hadithini, umati haukuwa na mama wa kuupelekea mzoga na kumuuliza kama ndiye.

Upande wa Tanzania, sheria imelipa suala hili sura ya kiofisi. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zilizofuata mwaka 2011, familia ya aliyeuawa na mnyama hatari hustahili kifuta machozi, na aliyeharibiwa mazao hustahili kifuta jasho. Majina hayo yenyewe yanakwepa neno fidia, kwa kuwa serikali haikubali kuwa mdaiwa wa simba. Malipo hutolewa baada ya kuthibitishwa kwamba mnyama ndiye aliyesababisha kifo. Familia inayoamini kwamba simba alitumwa haioni sababu ya kwenda kwa ofisa wanyamapori. Huenda kwa mganga, nyayo hufutika, na kifo hicho hakiingii katika kumbukumbu ambazo zingeonyesha ni vijiji gani simba anarudi.