Jirani wa Mnyama Ndiye Mpiga Picha Wake

Ukitaja upigaji picha wa wanyama mbele ya watu wa Afrika Mashariki, wengi humfikiria mgeni aliyesimama ndani ya gari la watalii, kamera ya lenzi ndefu mkononi, simba mbele yake. Dhana hii imeota mizizi kiasi kwamba mwenyeji mwenye simu mfukoni, mbuzi uani na kunguru juu ya paa hajihesabu kabisa miongoni mwa wapiga picha wa wanyama. Anajiona hana chombo, hana nauli ya kwenda hifadhini, na wanyama alio nao hawastahili kupigwa picha. Hoja ya makala haya ni kinyume chake. Thamani ya picha ya mnyama hutokana kwanza na kumjua mnyama huyo, tabia zake, saa zake na njia zake, na ujuzi huo anao zaidi yule anayeishi jirani naye. Mtu anayepiga picha kwa mapenzi tu, bila kusomea wala kulipwa, ana kitu ambacho mtaalamu aliyekuja kwa siku tano hawezi kukinunua kwa fedha yoyote: ana mwaka mzima wa kutazama.

Historia ya fani yenyewe inaliunga mkono jambo hili. George Shiras, mwanasheria wa Pennsylvania aliyewahi kuwa mbunge nchini Marekani, hakuwa mpiga picha kwa kazi. Alikuwa mwindaji, na kutoka kwa wawindaji Waojibwe, wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, alijifunza kuteleza na mtumbwi usiku kandokando ya ziwa, taa ikiwaka mbele, mpaka kulungu aliyekuja kunywa maji asimame akiikodolea macho. Baadaye akaweka kamera na mmweko mahali pa bunduki, na Julai 1906 jarida la National Geographic likachapisha picha zake 74 za wanyamapori. Miaka hiyohiyo Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa akizunguka nyika za Kilimanjaro na Umasaini na msafara mkubwa wa wapagazi, akipiga picha za wanyama gizani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905. Vyombo vyao vilikuwa vizito na vya hatari: picha zilinaswa kwenye vioo, na mwanga ulitokana na unga uliolipuka kwa moshi. Picha zilipatikana kwa sababu mtu alijua mnyama atapita wapi na saa ngapi, na maarifa hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya watu waliokuwa wakiishi na wanyama wale.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Tanzania. Mwaka 2005 jarida la Science lilitangaza kima ambaye wanasayansi hawakuwa wamewahi kumwandika, yaani kipunji. Kwa desturi spishi mpya hutangazwa kwa kuhifadhi mzoga au ngozi katika makumbusho, lakini watafiti hawakutaka kuua mnyama adimu namna ile. Wakatumia picha: kima dume aliyepigwa picha katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, akawa kielelezo cha spishi nzima. Mzoga ulipatikana baadaye, kipunji mmoja aliponaswa kwenye mtego wa mkulima katika Mlima Rungwe, na mwaka 2006 uchunguzi wake ukaonyesha kuwa mnyama huyu anastahili jenasi yake mwenyewe. Jina lake halikutungwa maabara. Wanyakyusa, majirani wa Mlima Rungwe, walikuwa nalo, na habari zao ndizo zilizowafanya watafiti wamtafute kuanzia mwaka 2003. Tuupime uzito wa jambo hili: picha ilikubaliwa na sayansi kuwa ushahidi wa kuwapo kwa mnyama, na watu waliomjua mnyama huyo kwa jina walikuwa majirani zake. Kilichokosekana ni hayo mawili kukutana mapema, kamera mikononi mwa wanaojua.

Wala si lazima mtu agundue spishi mpya ndipo picha yake iwe na maana. Wanyama wengi wana alama za mwilini zinazomtofautisha mmoja na mwenzake maisha yake yote. Simba hutofautiana kwa mpangilio wa madoa kwenye mizizi ya sharubu, njia iliyoelezwa mwaka 1970 na watafiti mmojawao akiwa anafuatilia simba wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Tembo wa Amboseli wamekuwa wakitambuliwa kwa umbo na mipasuko ya masikio tangu 1972. Papa potwe wanaoonekana pwani ya Kilindoni, kisiwani Mafia, hutambuliwa kwa madoa meupe ya ubavuni, na programu inayolinganisha madoa hayo ilitokana na hesabu zilizobuniwa na wanaastronomia kulinganisha picha za nyota. Januari 2016 kaskazini mwa Kenya, mamia ya watu, wakiwemo wananchi wa kawaida na wanafunzi, walitoka siku mbili kupiga picha ubavu wa kulia wa kila pundamilia wa Grevy waliyemwona. Kompyuta ikalinganisha milia, na watafiti wakakadiria kuwa walikuwa wamebaki takriban 2,350. Picha zile hazikuhitaji kuwa nzuri za kutundikwa ukutani. Zilihitaji kuonyesha ubavu uliotakiwa, zikiwa na tarehe na mahali. Hilo liko ndani ya uwezo wa mtu yeyote mwenye utulivu.

Baadhi ya wasomaji watakubali yote haya kwa wanyamapori, kisha waulize mbuzi na kuku wana jipya gani. Jibu lilitolewa mwaka 1878 huko Palo Alto, California, pale Eadweard Muybridge alipopanga kamera mfululizo kandokando ya njia ya farasi anayekimbia. Kwa karne nyingi wachoraji walikuwa wakimchora farasi anayekimbia miguu ya mbele ikiwa imenyooshwa mbele na ya nyuma ikiwa nyuma. Picha zilionyesha kwamba miguu yote minne huwa hewani wakati imekunjwa chini ya tumbo. Mnyama aliyeonekana barabarani kila siku alikuwa hajatazamwa sawasawa. Kwa mfugaji wa leo, kutazama huko kuna faida ya moja kwa moja. Mistari ya pua ya kila ng'ombe ni ya peke yake, jambo linalojulikana tangu miaka ya 1920, kwa hiyo picha safi ya pua, pamoja na za mbavu zote mbili, ni ushahidi wa umiliki ng'ombe akiibwa. Picha ya vinundu vya ugonjwa wa mapele ngozi, ikipigwa siku ya kwanza na kurudiwa kila siku, humweleza daktari wa mifugo mwendo wa ugonjwa vizuri zaidi kuliko maelezo ya simu.

Zaidi ya hayo, uani ndiko ufundi unakojifunzwa. Kamera hukadiria mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake kina rangi ya wastani. Kuku mweupe akijaza fremu hutoka wa kijivu, na mbuzi mweusi akiijaza hutoka amepauka. Dawa yake ni kumgusa mnyama kwenye kioo cha simu, kisha kuongeza mwanga kidogo kwa kuku na kuupunguza kwa mbuzi. Jua letu nalo, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, huwa juu mno na kuyazamisha macho ya mnyama kivulini, kwa hiyo picha zenye uhai hupatikana saa moja asubuhi, saa kumi na mbili kasoro jioni, au chini ya mti wenye kivuli kilicho sawa. Mpiga picha anayechuchumaa mpaka macho yake yalingane na ya mnyama huonyesha sura. Anayepiga akiwa amesimama huonyesha mgongo. Haya yote paka wa nyumbani anaweza kuyafundisha mara mia kwa wiki bila gharama. Asiyeweza kumpata punda wake mwenyewe kwa mwanga mzuri hatampata twiga kwa sababu tu amelipa kiingilio.

Pingamizi la kwanza la wazi ni chombo: simu haimfikii ndege aliye juu ya mbuyu. Ni kweli, na asitokee mtu wa kulikanusha. Kwenye simu nyingi, kukuza picha kwa vidole viwili ni kukata kipande cha picha ileile na kukipanua, basi ubora hupotea. Lakini udhaifu huu unachagua tu aina ya wanyama. Kinyonga, chura, mjusi, kipepeo, kobe na konokono wanapigika kwa simu ya bei ndogo, na ni miongoni mwa viumbe wasiotazamwa sana. Ndege naye anaweza kusubiriwa badala ya kufuatwa. Chozi anayerudi kwenye maua yaleyale kila asubuhi humruhusu jirani aliyetulia amkaribie zaidi kuliko mgeni anayemkimbilia, na simu iliyoegemezwa karibu na beseni la maji, ikirekodi video, itanasa ambavyo mkono wa mtu usingepata. Lenzi ndefu hufupisha umbali wa macho. Mazoea hufupisha umbali wenyewe, na hayo hayauzwi dukani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba kamera inaumiza wanyama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Maasai Mara ulionyesha kuwa katika maeneo yenye watalii wengi, duma jike alifanikiwa kulea kwa wastani watoto 0.2 kwa kila uzao mpaka kujitegemea, ilhali palipokuwa na watalii wachache wastani ulikuwa 2.3. Tofauti hiyo inatisha, na mtu anayependa wanyama hana budi kuichukua kwa uzito. Kuna pia hatari ya taarifa: picha ya faru ikiwekwa mtandaoni na alama ya mahali ilipopigwa inaweza kumfaa jangili. Mambo haya hayaiangushi hoja yetu. Yanaonyesha kinachotokea ujuzi unapokosekana na haraka ikachukua nafasi yake. Asiye na muda hulazimisha. Husogeza gari, hupiga kelele ili mnyama ageuke, humwaga vyakula kuvuta tumbili. Lakini jirani naye hana kinga ya dhambi hizi, maana ni yeye awezaye kufunua kiota kila siku au kumfunga kinyonga uzi ili asitembee. Kwa hiyo kanuni iwe moja kwa wote: mnyama akiacha anachofanya kwa sababu yako, umekaribia kupita kiasi, rudi nyuma. Na picha ya kiumbe adimu isambazwe bila mahali. Hata mtandao wa iNaturalist, unaokusanya picha za viumbe kutoka kwa watu wa kawaida duniani, huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini.

Wapo pia watakaosema kuwa haya ni mapenzi ya walioshiba. Mkulima anayelala shambani kulinda mahindi dhidi ya tembo hana haja na picha yake. Hisia hiyo ni ya haki, kwa kuwa anayebeba gharama ya kuishi na wanyamapori mara nyingi si yule anayepata mapato yao. Hata hivyo, ni mkulima huyo ambaye picha ingemfaa kuliko watu wote. Nchini Tanzania kanuni za mwaka 2011 zinaruhusu malipo ya kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au kufiwa. Madai yanahitaji kuthibitishwa, na nyayo huoshwa na mvua, shina lililovunjwa hukauka. Picha zilizopigwa asubuhi ileile, zikionyesha nyayo kando ya kitu cha kupimia, mpaka wa shamba na kiasi cha uharibifu, humpa afisa wa wanyamapori kitu cha kushika. Hapo kamera inakuwa sauti ya asiyesikilizwa kirahisi.

Limebaki swali la zama hizi: kompyuta zinapoweza kutunga picha ya mnyama ambaye hajawahi kuzaliwa, picha itaendelea vipi kuwa ushahidi? Nadhani zama hizi zinamwongezea jirani umuhimu. Picha moja ya ajabu isiyo na mwenyewe itazidi kushukiwa, na ni sawa ishukiwe. Mfululizo wa picha za mahali pamoja, katika misimu tofauti, mafaili ya awali yakiwa yamehifadhiwa na tarehe zake, na mpigaji akiwa anajulikana na anaweza kuulizwa, ni jambo gumu kughushi. Septemba 2019, mwongoza watalii Antony Tira alipomwona Maasai Mara mtoto wa pundamilia mwenye madoadoa mahali pa milia, picha zake zilienea duniani. Nguvu ya habari ile ilitokana na kuwa aliyeileta alikuwa mtu wa hapo, aliyezoea kuwaona pundamilia na kuweza kutambua kuwa huyu si wa kawaida.

Kwa anayetaka kuanza, basi, hatua ya kwanza si duka la kamera. Achague mnyama mmoja au mahali pamoja anapopita kila siku, iwe zizi, bwawa au mti wa mtaani, apige picha kwa mwaka mzima, na kila picha aiandikie tarehe, mahali, jina la mnyama kwa lugha ya kwao na alichokuwa akifanya. Shule zinaweza kuifanya kazi hii kwa simu chache tu. Kwa zaidi ya karne moja, kumbukumbu kubwa ya picha za wanyama wetu imetunzwa na wageni, nasi tumejifunza kuwatazama wanyama hao kwa jicho la mpita njia. Mpita njia ataendelea kutuonyesha jinsi simba alivyo mzuri. Kwamba vyura wa bwawani wamepungua tangu mwaka juzi, au kwamba ng'ombe wa kijiji wameanza kuota vinundu, atakayelionyesha hilo mapema ni mwenyeji anayerudi palepale na simu yake, na ni taarifa za namna hiyo zinazookoa mifugo na misitu kabla mambo hayajaharibika.