Maneno Mangapi kwa Dakika Saba?

Katika siku za Maulidi, tangu Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hadi Lindi mjini, ni desturi kuwapa vijana wa vyuo nafasi ya kusimama na kusema mbele ya jamaa. Kila mmoja hupewa dakika zake, 5 au 7, kwa kuwa vyuo ni vingi na usiku una mwisho. Na aghlabu twaona jambo lile lile: kijana ameandika kurasa nane za daftari, ameanza kwa sauti nzuri, amesifu, ameshukuru, amewataja wakubwa, na kabla hajalifikia lile alilotumwa kulisema, msimamizi wa shughuli amekwisha simama kando yake na kumgusa bega. Mama yake yupo upande wa wanawake, naye ameingojea siku hiyo kwa majuma mengi. Mtoto hushuka na kurasa zake mkononi, na wako ambao mwaka wa pili hawakubali tena kupanda.

Si uvivu huo, wala si upungufu wa elimu. Ni kwamba hapana aliyemfundisha kupima.

Na kupima maneno kwa wakati si jambo geni kwetu. Kurani Tukufu imegawanywa juzuu 30, na msahafu wa kurasa 604 unaotumika sana siku hizi huipa kila juzuu kurasa zipatazo 20. Basi imamu anayetaka kukhitimisha katika tarawehe za rakaa 20 ajua kwamba ukurasa mmoja kwa kila rakaa watosha, na jamaa wajua watarudi nyumbani saa ngapi. Mbona hotuba twaiacha iende kama chombo kisicho na usukani?

Wako vijana waliosoma mahali kwamba msemaji hutamka maneno 130 hadi 150 kwa dakika, nao huandika kwa hesabu hiyo. Hesabu hiyo ni ya Kiingereza. Neno letu moja, «nitakuandikia», lina silabi saba, na Mwingereza hulisema kwa maneno matano mafupi. Maneno yetu ni machache lakini ni marefu. Atakayeyahesabu kwa kipimo cha Mwingereza atajikuta yungali katikati ya safari na wakati umekwisha.

Yampasa kila mtu apate kipimo chake mwenyewe. Asimame, asiketi, asome kwa sauti ya kumfikia mzee aliye safu ya mwisho, na mwenziwe ashike saa kwa dakika 3. Dakika 1 haitoshi, kwani mwanzoni mtu hukimbia. Kisha ahesabu maneno aliyoyasoma na kuyagawa kwa 3. Tuseme amepata 270: basi kipimo chake ni 90 kwa dakika, na dakika 7 zingekuwa maneno 630.

Zingekuwa, twasema, maana si zote zilizo zake. Salamu na hamdala zina wakati wao. Aya husomwa kwa taratibu, kisha hufasiriwa. Jamaa wataitikia takbiri na kumswalia Mtume, na si adabu kuwakata. Aondoe dakika 2 kwa hayo, zibaki 5, yaani maneno 450. Ukurasa wa daftari wenye mistari 25, kila mstari maneno 6, una maneno 150. Kwa hiyo kurasa zake ni tatu, wala si nane.

Wakubwa nao wana fungu lao katika habari hii. Siku ya Ijumaa mvuvi anahesabu maji na mtumishi wa ofisi anahesabu saa, na nguzo tano za khutba katika madhehebu yetu ya Shafi zaweza kutimia kwa dakika chache. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kwa Ammar bin Yasir, kwamba Mtume (s.a.w.) alifanya urefu wa sala ya mtu na ufupi wa khutba yake kuwa ni alama ya fahamu zake. Hata mataifa mengine wameliona hilo: tarehe 19 Novemba 1863, huko Gettysburg, Marekani, Edward Everett alihutubu saa mbili, akafuata Rais Abraham Lincoln, akasema maneno yapatayo 270 tu, na hotuba ya huyo wa pili ndiyo inayokumbukwa hadi leo.

Turudi kwa kijana wetu. Akiisha kuandika kurasa zake tatu, lile jambo kuu aliweke katika ukurasa wa kwanza. Kisha achague mafungu mawili yanayoweza kuachwa bila maana kuharibika, ayazungushie wino mwekundu nyumbani, kabla ya kupanda. Msimamizi akisogea, ataruka mafungu hayo na kwenda moja kwa moja kwenye dua.