Uso Usioonekana Kupakwa

Mwanamke wa Mbezi Beach, Dar es Salaam, aendaye saluni siku hizi kwa ajili ya kichen pati ya jirani au arusi ya nduguye, iwe saluni hiyo iko Tangi Bovu, Makonde au Africana, aghalabu huja na haja moja ambayo bibi yake angeistaajabia: kwamba apakwe, na asionekane kupakwa. Zamani aliyejipamba alitaka ijulikane kuwa amejipamba, wala haikuwa aibu. Sasa umahiri wa mpambaji hupimwa kwa kadiri anavyoweza kuificha kazi yake mwenyewe. Ombi hili ni gumu kupita yote tuletewayo sisi wapambaji, kwa kuwa rangi nzito husitiri kosa la aliyeichagua, ilhali rangi nyepesi hulifichua mbele ya hadhara. Na mwenye kutaka kujaribu seti mpya ya vipodozi vya namna hii yampasa, kabla hajatoa fedha yake, ajue ngozi yake imeipata wapi rangi yake, na chupa imeipata wapi yake.

Rangi ya ngozi hutokana hasa na melanini, ambayo hutengenezwa na seli zilizo chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi. Watu wote, aliye mweusi tii na aliye mweupe, wana seli hizo kwa idadi inayokaribiana; kinachohitilafiana ni wingi wa melanini, ukubwa wa chembe zake na namna zilivyotawanyika. Melanini yenyewe ni ya aina mbili, moja nyeusi ya kuelekea hudhurungi, na nyingine nyekundu ya kuelekea manjano, na juu ya hizo huongezeka wekundu wa damu ipitayo chini. Kwa sababu hiyo wanawake wawili walio maji ya kunde, ambao ukiwatazama kwa mbali utaapa kuwa ni rangi moja, wakiketi bega kwa bega karibu na dirisha mmoja hudhihirika kuwa na umanjano chini ya ngozi yake na mwenzake kuwa na wekundu. Na katika weusi mno wako ambao rangi yao ya chini huelekea buluu. Wanawake wengi hujua vema kiasi cha weusi wao, lakini rangi ya chini hawaijui, na wauzaji wengi hawaulizi habari zake, na hapo ndipo fedha inapoanza kupotea.

Sasa tuitazame chupa. Fondesheni, hata iwe ya thamani gani, hupata rangi yake kwa vitu vichache sana: dioksidi ya titani, ambayo ni nyeupe na yenye nguvu ya kuficha, pamoja na oksidi za chuma, ambazo ni jamaa wa kutu, nazo ni nyekundu, njano na nyeusi. Mtengenezaji aliyeanza kazi yake kwa kuufikiria uso mweupe, kisha akataka kumridhisha mteja mweusi kwa haraka, huuchukua mchanganyiko ule ule wenye weupe mwingi akauongezea weusi. Na weupe na weusi vikikutana havizai hudhurungi, bali huzaa kijivu. Huo ndio uso wa majivu tuuonao katika picha nyingi za arusi, ambao jamaa wa bibi arusi huutazama wakanyamaza kwa heshima. Kosa si la ngozi, wala si la mkono wa mpambaji peke yake. Limo ndani ya chupa tangu kiwandani.

Kosa hilo lina historia ndefu, na katika historia hiyo yumo binti wa pwani yetu ya mashariki. Iman, mzaliwa wa Mogadishu aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi, alipofika New York mwaka 1975 kufanya kazi ya uanamitindo, aliulizwa na mpambaji kama amekuja na fondesheni yake mwenyewe, kwa kuwa pale hapakuwa na ya kumfaa. Alichopakwa kilimgeuza kijivu, naye tangu hapo akawa anajichanganyia rangi kwa mkono wake, hata mwaka 1994 akaanzisha vipodozi vyenye jina lake. Kabla yake, mwaka 1973, Eunice Johnson wa Chicago alikuwa amekwisha kuanzisha Fashion Fair kwa ajili ya wanawake weusi wa Marekani, na baada yake sana, mwaka 2017, Fenty Beauty ya Rihanna ilitoka na rangi 40 kwa siku moja, jambo lililowatahayarisha watengenezaji waliozoea kuutosheleza ulimwengu mzima kwa rangi chache. Kwetu Afrika Mashariki, Suzie Wokabi wa Kenya alianzisha SuzieBeauty, na hapa Dar es Salaam Shekha Nasser wa Shear Illusions akatoa LuvTouch Manjano. Mimi sina sharti la kumtaka mtu anunue cha nyumbani kwa sababu ni cha nyumbani; nasema tu kwamba aliyechanganya rangi huku akiziona nyuso za Kariakoo kila siku ana faida ambayo aliye mbali hana budi kuinunua kwa ghali.

Hivi karibuni nilijaribu seti moja, ambayo sitaitaja, iliyouzwa kwa ahadi ya ngozi ya asili: fondesheni, konsila na poda. Muuzaji alitaka kunipaka mgongoni mwa mkono, kama wafanyavyo wengi, na hilo nililikataa, maana mkono hauna rangi moja na uso, na mgongo wa mkono umeungua jua kwa namna yake. Mahali pa kujaribia ni ukingo wa taya, mstari mmoja ushuke hadi shingoni, rangi tatu zinazokaribiana zipakwe sambamba, na ile inayopotea machoni bila ya kusuguliwa ndiyo yenye haki. Kisha mjaribu atoke nje. Taa ya dukani ina hila, ya njano hupasha kila uso joto na nyeupe huukausha, na mizani ya kweli ni mwanga wa mchana usio wa jua kali la moja kwa moja, mathalani kivulini kando ya barabara ya Bagamoyo. Lakini hata hapo asiharakishe kurudi kulipa. Maji yaliyomo katika fondesheni yakisha kukauka, na mafuta ya ngozi yakisha kuilowesha rangi, hiyo hubadilika ikazidi kuwa nzito na nyeusi. Rangi iliyokuwa barabara ilipopakwa huenda ikawa imepita kiasi mtu anapomaliza kunywa chai. Fondesheni ile niliyoijaribu ilipata daraja zuri kwa hili. Konsila yake ilikuwa nyeupe mno, na poda nitaisema baadaye.

Mtihani mwingine ni wa hewa. Seti nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya nchi kavu na za baridi, na Mbezi Beach si kavu wala si ya baridi. Katika miezi ya kaskazi unyevu wa bahari na joto huungana hata jasho likakosa pa kwenda, likakaa usoni. Katika hali hiyo wingi wa tabaka haumlindi mtu, bali humharibia, kwa kuwa kila tabaka ni kitu kingine cha kuteleza. Afadhali losheni ya jua iachwe itulie kwanza, kisha fondesheni kidogo ipigwe kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa, katikati ya uso tu, ambako ndiko wekundu na madoa hukaa, na mashavu ya pembeni yaachwe yajitetee yenyewe. Na hapa pana siri ya kemia ambayo huwaliza wengi: praima ya silikoni na fondesheni ya maji juu yake hazipatani, na uso huanza kujivingirisha vipande vidogo kabla ya bibi arusi kuingia ukumbini. Vitu viwili vinavyokaa pamoja sharti viwe vya tabia moja, na njia ya kuvijua ni kusoma mwanzo wa orodha ya viambato.

Mwanamke asiye na madoa mengi hahitaji hata hiyo fondesheni; losheni ya jua yenye rangi humtosha. Melanini ya mtu mweusi imekadiriwa kumkinga na jua kwa kiasi cha takriban 13 katika kipimo kile kinachoandikwa juu ya chupa za losheni za jua, ilhali ya mweupe ni takriban 3. Lakini kinga hiyo haizuii madoa, na nuru ya kawaida ionekanayo kwa macho nayo huyachochea katika ngozi nyeusi. Oksidi za chuma huizuia nuru hiyo. Kwa hiyo losheni ya jua yenye rangi, ikilingana na ngozi, hufanya kazi mbili kwa mpako mmoja, nami nastaajabu kwamba maduka yetu huiweka nyuma kabisa ya rafu.

Poda ya seti ile ilionekana njema kioo kilipokuwa mbele yangu. Nilipopigwa picha kwa taa ya simu, paji la uso na chini ya macho vikatoka vyeupe kama vilivyonyunyiziwa unga, kwa sababu poda zenye silika nyingi huurudisha mwanga wa kamera ulikotoka. Kwa kwenda sokoni hakuna madhara; kwa sendofu yenye wapiga picha watatu ni balaa. Ajaribuye poda na ajipige picha gizani, kwa taa, kabla ya kuinunua.

Bibi zetu wa pwani hawakuwa na fondesheni, lakini walikuwa na singo na liwa za kupaka mwilini, na somo aliyemwandaa mwari alianza na mwili mzima siku nyingi kabla ya arusi, akijua kuwa urembo wa siku moja hutafutwa mapema. Katika hilo walikuwa mafundi kuliko sisi.

Mteja aliye mgumu kwangu kuliko wote ni yule aliyetumia mkorogo wa kujichubua. Uso wake umekuwa mweupe, shingo imebaki maji ya kunde, na vifundo vya vidole ni vyeusi vile vile, naye ataka fondesheni ya asili. Je, asili ipi? Haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku katika vipodozi vya nchi hii, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umetoka mikononi mwa mamlaka ya chakula na dawa ukaenda kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Hata hivyo makopo yasiyo na jina la mtengenezaji bado huuzwa, na zebaki haiishii usoni, bali huingia mwilini ikazidhuru figo. Mteja wa namna hiyo mimi humpaka kwa kuifuata rangi ya shingo na kifua, si ya uso, hata kama mwenyewe haridhiki anapojitazama, kwa kuwa mwili wote ni shahidi dhidi ya uso mmoja. Kisha humshauri amwone daktari wa ngozi kabla ya kuacha, kwa sababu makopo yale mengi yana steroidi, na kuziacha ghafla huweza kuuwasha na kuuvimbisha uso. Na humwambia anunue chupa iliyo ndogo kuliko zote dukani, maana ngozi inayorudi katika hali yake hubadili rangi mwezi hata mwezi, na fondesheni iliyomfaa Januari haitamfaa Aprili.