Honda Monkey: Anayeifungua vizuri ndiye atakayeifunga

Katika biashara ya pikipiki za zamani, hakuna inayouzwa kwa bei ya kutupa kama ile iliyokwisha kufunguliwa. Muuzaji ataapa kwamba vifaa vyote vimo, na mara nyingi anasema kweli. Fremu imeegemezwa ukutani, injini imo ndani ya ndoo, bolti na nati zimejazwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Kinachokosekana ni mtu anayejua kipi kilikaa wapi. Mwenyewe aliianza kazi kwa moyo mweupe Jumamosi asubuhi, hadi magharibi akawa ameshamaliza kuchambua kila kitu, kisha miaka ikapita.

Balaa hili huzikumba zaidi pikipiki ndogo, na hasa Honda Monkey, ile yenye matairi kama ya toroli ambayo wapenzi wake huko Japani, Ulaya na Marekani huifufua nyumbani. Udogo wake unavutia. Inaingia varandani bila kusumbua mtu, haihitaji winchi wala gereji, na injini yake mtu mmoja anaishusha peke yake. Kwa kuwa inafunguka kirahisi, mtu huifungua bila mpango. Ndiyo maana mafanikio ya kazi yote huamuliwa siku ile ya kwanza ya kushika spana, wakati rangi, kromu na mngurumo wa injini vingali mbali.

Ilizaliwa kwenye bustani ya burudani

Mwaka 1961 Honda ilifungua Tama Tech, bustani ya burudani iliyokuwa viungani mwa Tokyo, ambako wageni waliendesha vyombo vya moto kwa kujifurahisha. Kwa ajili ya bustani hiyo, wahandisi wa Honda waliunda Z100: fremu fupi, magurudumu ya inchi 5, hakuna shokamzoba hata moja, na injini ya cc 49 waliyoiazima kutoka Super Cub. Mtu mzima akiipanda, magoti yalipanda juu na mgongo ukajikunja, akaonekana kama tumbili. Jina likaiganda pikipiki.

Kilichokusudiwa kuwa mchezo kikapata wateja. Mwaka 1967 ikaja Z50M, iliyoruhusiwa kutembea barabarani nchini Japani, yenye usukani wa kukunja ili iingie kwenye buti la gari. Muda mfupi baadaye ikafuata Z50A yenye magurudumu ya inchi 8 na shokamzoba za mbele, na hiyo ndiyo iliyowafundisha watoto wengi wa Marekani kuendesha pikipiki. Katika miaka ya 1970 ikapewa na shokamzoba za nyuma. Monkey ya cc 50 iliendelea kutoka kiwandani hadi mwaka 2017, ilipozidiwa na kanuni za moshi, na mwaka uliofuata Honda ikaleta nyingine ya cc 125 yenye sura ileile.

Inafufulika leo kwa sababu ya ile injini ya kuazima. Super Cub iliingia sokoni mwaka 1958, na kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Hakuna chombo kingine cha moto kilichofikia idadi hiyo. Silinda yake moja imelala, karibu sambamba na ardhi. Takeo Fujisawa, mshirika wa Soichiro Honda katika biashara, alitaka pikipiki ambayo kijana wa kupeleka tambi majumbani angeiendesha kwa mkono mmoja, mwingine ukishika sinia. Ndiyo maana haina mkono wa klachi: klachi hujishika yenyewe injini inapoongeza mzunguko, na dereva anakanyaga gia tu.

Honda za ukoo huo, C50, C70 na C90, zilipita pia kwenye barabara za Afrika Mashariki, na mafundi wa makamo wanazijua. Viwanda vingi vya China navyo vimeiga umbo la injini hiyo kwa miongo kadhaa. Matokeo yake ni kwamba pistoni, ringi, gasketi na beringi za mashine yenye zaidi ya nusu karne bado zinapatikana. Ni pikipiki chache za umri huo zenye bahati kama hiyo.

Kabla ya kushika spana

Kazi inaanza kwa kusoma namba. Kuna namba ya fremu na namba ya injini, na hizo ndizo zitakazokuambia una toleo gani. Usiamini kiti, tangi wala taa, kwa kuwa katika miaka hamsini vitu hivyo hubadilishwa mara nyingi. Ukishalijua toleo, tafuta kitabu cha ufundi cha Honda cha toleo hilo, chenye michoro inayoonyesha kila kifaa kikiwa kimetenganishwa na jirani yake. Kitabu hicho ni cha kununua kabla ya rangi.

Halafu piga picha. Simu ya kawaida inatosha. Piga upande wa kulia, wa kushoto, juu na chini, kabla hujagusa kitu. Kebo ya breki inapita mbele au nyuma ya bomba la fremu? Waya wa taa unaingilia tundu gani? Washa ipi iko ndani, ipi iko nje? Maswali haya yanaonekana ya kitoto siku ya kufungua. Baada ya miezi sita ya kungoja spea, hakuna kichwa kinachoyakumbuka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni la kweli. Kila kundi la vifaa liwe na mfuko wake wa plastiki, na juu yake pawe na maandishi: kilichomo, kilikotoka, tarehe. Bolti inayoshikilia kifaa kikubwa irudishwe kwenye tundu lake mara kifaa kikishatoka.

Skrubu za mifuniko ya injini zina utaratibu wake. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la mfuniko, kisha kila skrubu unayoitoa ichomeke kwenye mchoro mahali palepale ilipotoka. Ukitazama ukimaliza, utaona hazilingani urefu. Ukiipeleka ndefu kwenye tundu fupi, itagota kabla mfuniko haujabana, na ukizidi kukaza utapasua aluminiamu. Fupi ikienda kwenye tundu refu, itashika nyuzi mbili tatu tu na kuzing'oa. Injini nyingi zinazovuja oili baada ya kufufuliwa zilianzia hapo.

Skrubu zenyewe nazo zina hila. Vichwa vyake vya nyota vilifuata kipimo cha Kijapani, ambacho hakilingani sawasawa na bisibisi za nyota za kawaida. Bisibisi isiyokaa vizuri huteleza na kukichimba kichwa mpaka kiwe duara. Tafuta bisibisi ya kipimo hicho, na kwa zilizokwama tumia ile ya kugongwa kwa nyundo, inayosukuma na kuzungusha kwa pamoja.

Washa moja ya shaba

Silinda hedi imeshikwa na nati nne. Chini ya nati tatu kuna washa za chuma. Chini ya moja kuna washa ya shaba. Haikuwekwa kwa urembo. Kwenye nguzo hiyo moja ndipo oili inapopandia kwenda kulainisha kemshafti, na shaba, kwa kuwa ni laini, inajibana na kuziba njia. Fundi aliyezikusanya washa zote kwenye kopo moja atafunga injini nzuri, ataiwasha, na oili itaanza kuchuruzika kwenye nati ya pembeni. Ataikaza zaidi, na hapo ndipo nguzo inapokatika, maana nati hizo zinahitaji nguvu ndogo tu, kama kilogramu-mita 0.9 hadi 1.2. Washa moja isiyoandikwa imeharibu kazi ya miezi.

Upande wa kulia, nyuma ya mfuniko, kuna klachi. Ndani ya kifuniko chake kidogo cha duara kuna kitu ambacho wengi hawakitarajii: tope. Klachi hii hufanya pia kazi ya kuchuja oili. Inapozunguka, uchafu mzito hurushwa pembeni na kugandamana kwenye kingo zake. Kwenye pikipiki iliyolala miaka mingi utakuta utando mweusi, mgumu, wa kukwangua kwa kijiti. Chini yake kuna chujio la waya linalochomolewa kwa kulivuta. Anayebadilisha oili peke yake, bila kufungua hapa, anaingiza oili mpya kwenye uchafu wa zamani. Kuitoa klachi yenyewe kunahitaji soketi maalumu yenye meno manne. Wanaotumia patasi na nyundo huacha alama ambazo mnunuzi wa baadaye atazisoma.

Upande wa kushoto kuna magneti, na kwenye flaiwili yake kumeandikwa herufi mbili: T na F. T ikilingana na alama ya kwenye injini, pistoni iko juu kabisa. Hapo, valvu zote mbili zikiwa zimefunga na injini ikiwa baridi, nafasi ya valvu hupimwa: milimita 0.05. F ndiyo sehemu ambayo pointi za kuchochea cheche zinapaswa kuanza kuachana, na zikifunguka kabisa, nafasi yake iwe milimita 0.3 hadi 0.4. Kwa vipimo hivyo, injini iliyokuwa kimya tangu enzi za redio za valvu inaweza kuitika kwa kiki chache.

Kabureta mara nyingi ndilo linalozuia. Petroli ikikaa huacha gundi ya rangi ya kahawia, na jeti ya kasi ndogo ina tundu jembamba sana linalozibwa na gundi hiyo. Loweka kwenye kisafishio, kisha puliza upepo. Usichokonoe kwa waya wa chuma: tundu likipanuka hata kidogo, kipimo cha mafuta kimeharibika na jeti hiyo ni ya kutupa.

Mahali pa kuogopa

Mashine ni ndogo lakini hatari zake ni za watu wazima. Rimu za Z50A ni vipande viwili vya chuma vilivyobanwa kwa bolti, tyubu ikiwa ndani. Ukizifungua bolti hizo tairi likiwa na upepo, vipande huruka kwa nguvu. Toa upepo wote, chomoa na sindano ya valvu, ndipo uziguse.

Breki za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi, yakiwemo ya saratani. Usipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lowesha vumbi, futa kwa kitambaa, kifunge na ukitupe.

Tangi lenye kutu husafishwa kwa siki au asidi ya ndimu, kisha linasuuzwa kwa maji yenye magadi na kukaushwa haraka. Lakini kuchomelea tangi ni kazi ya fundi anayejua kuondoa mvuke wa petroli. Tangi tupu hulipuka kwa wepesi kuliko lililojaa.

Kishawishi cha injini mpya

Ukifika katikati ya kazi, mtu atakushauri uachane na cc 49 uweke injini ya Kichina ya cc 110 au 125, kwa kuwa inaingia kwenye bolti zilezile. Ni kweli mara nyingi inaingia. Lakini fremu, beringi za magurudumu na breki zile ndogo zilipimwa kwa injini ndogo. Pikipiki itakimbia kuliko inavyoweza kusimama, na namba za fremu na injini hazitakuwa za zama moja tena, jambo ambalo wanunuzi wa vitu vya kale hulitazama kwanza. Anayetaka mwendo anunue pikipiki nyingine.

Rangi nayo isiharakishwe. Rangi ya kiwandani iliyopauka inaweza kung'arishwa. Ikishapigwa msasa hairudi. Ukilazimika kupuliza upya, piga kwanza picha za nembo na mistari, na pima mahali ilipokaa.

Siku ya kufunga, fuata picha kinyumenyume: ya mwisho kupigwa iwe ya kwanza kutazamwa. Weka oili lita 0.8. Kabla ya kuwasha, toa plagi na upige kiki polepole, huku vifuniko vya valvu vikiwa wazi, mpaka uone oili imefika juu. Isipofika, usiwashe. Rudi kwenye ile nati yenye washa ya shaba na njia yake ya oili, ujue kilichoziba.

Mafundi wetu wa bodaboda wana mikono ya kuiweza kazi hii, na wengi wanafungua na kufunga injini kubwa kuliko hii kabla ya chakula cha mchana. Wanaiweza kwa sababu injini hiyo waliifunga juzi na wataifunga tena kesho. Pikipiki ya zamani haina juzi wala kesho. Inakaa imefunguliwa mpaka kumbukumbu zimfutikie aliyeifungua. Kwa hiyo, msomaji, kama nyumbani kwenu kuna Honda ya babu imefunikwa turubai, usianze na spana. Nunua kitabu, tafuta mifuko na kalamu, chaji simu. Kama huna nafasi ya kufanya hayo wikiendi hii, iache ilivyo. Ikiwa nzima na kutu zake, ina thamani kuliko ikiwa safi ndani ya ndoo.