Mkanda wa Mpira na Sauti za Wazee

Kampuni ya Sony ya Japani ilipotoa Walkman ya kwanza mnamo Julai 1979, iliwalenga watu wapendao kusikiliza muziki wakitembea. Huko Marekani iliitwa Soundabout, na Uingereza Stowaway. Majina hayo yakafa, likabaki Walkman, ambalo hata kwetu liligeuka jina la kila kinanda cha kaseti cha mfukoni, kama Omo ilivyokuwa jina la sabuni ya unga. Wanaisimu walikipenda chombo hicho kwa sababu yao wenyewe: kilibebeka hadi kijijini, na kwa betri ndogo mbili tu mtafiti aliweza kusikiliza papo hapo kaseti alizonasa kwa wazee.

Kaseti za aina hiyo zingalimo makabatini mwa watafiti. Sony nayo iliacha kuuza Walkman za kaseti nchini Japani mwaka wa 2010. Walakini kinachokufa kwanza aghalabu si mota. Ni vikorokoro vyake: sponji za spika za masikioni zinazosagika kama makombo, adapta ya umeme, na zaidi ya yote ule mkanda mwembamba wa mpira unaounganisha mota na gurudumu la kuendeshea kaseti. Mpira huo hulegea; pengine huyeyuka ukanata kama lami.

Msomaji atauliza, mkanda ukilegea kuna hasara gani? Kwa msikilizaji wa taarabu ni kero. Kwa mwanaisimu ni msiba. Kaseti hupaswa kwenda kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Kasi ikipungua, sauti yote hushuka. Ikiyumbayumba, sauti hupanda na kushuka pasipo msemaji kukusudia. Kiswahili chaweza kustahimili, kwa kuwa maana ya neno haitegemei toni. Lakini Gikuyu, Kikamba na Dholuo ni lugha za toni, na humo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Mtafiti mwenye mkanda uliolegea huenda akaandika toni za mpira, si za mzee aliyekwisha kuzikwa.

Wapo wanaoshauri tununue vinanda vipya vya bei nafuu vinavyohamishia kaseti kwenye kompyuta. Siafiki. Mitambo ya vingi kati ya hivyo ni duni, na kasi yake huyumba kuliko ya chombo kizuri cha zamani kilichotiwa mkanda mpya. Heri kumwendea fundi wa redio, apime mzingo na unene wa mkanda, kwani unaokaza mno huielemea mota. Adapta nayo isichukuliwe yoyote tu: chombo cha betri mbili hutaka volti 3, ilhali chaja ya kawaida ya simu hutoa 5.

Mwaka wa 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwalazimu watengenezaji kukarabati bidhaa kama mashine za kufulia na simu. Kinanda cha kaseti hakimo, na hakuna atakayetutungia sheria ya kukiokoa. Idara yenye kaseti mia mbili haihitaji mradi wa mamilioni. Yahitaji mikanda michache, spika mpya za masikioni, fundi mmoja, na mwanafunzi wa kuzihamisha sauti hizo, akianza na za wasemaji ambao hawako tena.