Baada ya saa kumi na mbili ni saa moja

Muulize mtoto saa gani hufuata saa kumi na mbili jioni, atakujibu: saa moja usiku. Iulize kompyuta, itakwambia kumi na tatu. Kutokana na tofauti hiyo huzaliwa kasoro nyingi za ramani zinazochorwa kwa programu.

Chukua ramani ya joto la dunia. Gridi ya nyuzi 2.5 ina safu wima 144 za longitudo, kuanzia 0 hadi 357.5. Sisi tunajua kwamba nyuzi 2.5 mbele ya hapo tumerudi sifuri. Programu haijui; ikifika safu ya mwisho huweka kalamu chini. Matokeo yake ni ufito mweupe kutoka ncha hadi ncha, wenye upana wa karibu kilomita 280 kwenye Ikweta. London, Ouagadougou na Accra zote zimo ndani yake, bila rangi.

Dawa ni nyepesi: nakili safu ya kwanza, ibandike mwishoni, uipe longitudo 360. Safu zinakuwa 145 na duara linafungika. Anayetumia Python na maktaba ya Cartopy atakuta kazi hiyo imeshaandaliwa kwa jina la add_cyclic_point. Ila wastani wa dunia ukokotoe kabla ya kunakili, la sivyo safu moja itahesabiwa mara mbili.

Kuna ugonjwa wa pili ambao dawa hiyo haiugusi. Hapa kinachozunguka si mahali bali thamani yenyewe, kama vile mwelekeo wa upepo. Kituo kimoja kimepima nyuzi 350, jirani yake 10. Pote pawili upepo unatoka kaskazini. Programu, ikitafuta njia kati ya namba hizo, hupitia 300, 200 na 100, ikarundika kontua zote hizo mahali ambapo upepo haujabadilika kitu. Ukiomba wastani unapewa 180: upepo wa kaskazini umegeuzwa wa kusini.

Basi pembe usiiguse ikiwa namba tupu. Igeuze iwe sini na kosini, tafuta wastani wa kila moja, kisha rudi kwenye pembe kwa arctan2. Ukifika kwenye kuchora, acha kontua. Tumia mishale, au rangi za mzunguko kama twilight ya Matplotlib, ambamo rangi ya mwisho ndiyo ile ile ya mwanzo. Nyuzi 359 na 1 zitakaa bega kwa bega, kama saa kumi na mbili na saa moja.